Mwalimu Ajibu: Mshipa wa fahamu uliokatika huijuaje njia ya kurudi?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi seremala, Morogoro. Miezi mitatu iliyopita msumeno wa mashine ulinikata mkono wa kulia upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Daktari alishona kano pamoja na mshipa wa fahamu. Kidonda kimepona, lakini gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa ganzi. Daktari aliniambia mshipa utaota taratibu mpaka vidoleni. Siku hizi nikijigonga katikati ya kiganja napigwa kama shoti. Nina maswali mawili. Hiyo shoti ni dalili mbaya? Na mshipa hauna macho, utajuaje kidole changu kilipo?*
*— Fundi, Morogoro*

Marahaba, fundi, na pole sana. Mkono wa seremala ndio shamba lake, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Nianze na shoti, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Ni habari njema. Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, madaktari wawili waliiandika dalili hiyo kila mmoja kivyake: Jules Tinel wa Ufaransa na Paul Hoffmann wa Ujerumani. Wote walikuwa na majeruhi waliokatwa neva, yaani mishipa ya fahamu, kwa risasi na vyuma. Waligundua kwamba ukigonga taratibu juu ya njia ya neva inayoota, mgonjwa huhisi msisimko wa umeme ukielekea vidoleni, na kwamba mahali pa kugonga husogea mbele wiki baada ya wiki. Nyuzi changa zinazoota bado hazijavikwa ala yake ya mafuta, ndiyo maana huguswa kirahisi. Pale unapopigwa shoti leo ndipo zilipofika.

Sasa swali lako la pili, ambalo mimi mwenyewe nimeishi nalo tangu ujana.

Seli ya neva inayohisi ncha ya kidole chako haikai kidoleni wala mkononi. Mwili wake uko pembeni mwa uti wa mgongo, karibu na shingo, na kutoka hapo hutoa uzi mmoja mrefu unaoteremka begani, mkononi, hadi kidoleni. Msumeno ulipopita, kipande cha uzi kilichobaki upande wa vidole kilikufa, kwa kuwa kimetengwa na mwili wa seli unaokilisha. Augustus Waller alilionyesha hilo mwaka 1850 kwa neva za ulimi wa chura. Lakini njia ya uzi ule haikufa. Seli zilizokuwa zimeuzungushia, ziitwazo seli za Schwann, zimebaki hai. Zimesafisha mabaki, zikajipanga safu kama mfereji, na zinasubiri. Upande wa juu wa kovu, kile kisiki cha uzi kimechipua ncha mpya. Ncha hiyo ndiyo mwenye safari, na ndiyo ninayotaka uione kama nilivyoiona.

Mwaka 1992 nilikuwa masomoni Uingereza, nikijifunza kufundisha anatomia. Mwenyeji wangu maabara alichomoa fundo dogo la neva kwenye kiinitete cha kuku, dogo kuliko chembe ya ulezi, akaliweka kwenye kisahani chenye maji ya virutubisho na kukiweka kwenye kabati lenye joto la mwili. Kesho yake aliniita kwenye hadubini. Fundo lilikuwa limetoa nyuzi pande zote kama miale ya jua. Akakuza zaidi mpaka ncha ya uzi mmoja ikajaa kwenye kioo. Niliona kitu kama kiganja cha mtoto mchanga, bapa, chenye vidole vyembamba sana vinavyonyooka na kujikunja, vinapapasa huku, vinapapasa kule. Kidole kikigusa kitu kisichofaa kilijikunja na kupotea. Kikipata mahali pa kushika kilibaki, na kiganja kizima kikakifuata. Nilikaa pale mpaka wenzangu wakaenda kula wakarudi.

Wa kwanza kuiona ncha hii alikuwa Santiago Ramón y Cajal, mwaka 1890, mjini Barcelona. Yeye hakuiona ikitembea. Alikuwa na vipande vya viinitete vya kuku vilivyokufa na kutiwa rangi ya fedha, na katika vile vijiti vyeusi vilivyoganda alisoma mwendo, akatamka kwamba ncha hii hupenya na kutafuta njia. Watu walibishana naye miaka mingi. Mwaka 1907 Ross Harrison, huko Marekani, alichukua kipande cha neva changa ya kiinitete cha chura, akakining'iniza ndani ya tone la limfu lililoganda chini ya kioo chembamba, akatazama uzi ukiota mbele ya macho yake. Ubishi ukakatika.

Hatua inayofuata ni ngumu kuieleza kwa maneno ya kitabu, kwa hiyo nitakupeleka kwetu Pangani. Babu yangu alivusha watu kwa mtumbwi mtoni kabla ya kivuko kuwa cha kutegemewa. Kwenye maji mafupi alipiga pondo: unasimika upondo chini, unausukuma nyuma kwa nguvu zako zote. Chini pakiwa na mchanga, upondo unashika na mtumbwi unakwenda mbele. Pakiwa na tope laini, upondo unazama na kuteleza. Utasukuma mpaka jasho likutoke na mtumbwi uko palepale.

Ncha ya neva inatembea hivyohivyo. Ndani yake kuna nyuzi za protini iitwayo aktini, ileile iliyomo kwenye misuli yako. Nyuzi hizi hujengwa kwenye ukingo wa mbele, punje juu ya punje, na wakati huohuo protini nyingine, miosini, inazivuta nyuma, ambako zinabomolewa na punje zake kurudishwa mbele zikajenge tena. Kazi hiyo haikomi. Hata ncha ikiwa imesimama, ndani yake aktini inatiririka kurudi nyuma muda wote, kama mtu anayepiga pondo kwenye tope.

Kwenye ngozi ya ncha kuna vipokezi, protini zilizopenya kutoka nje hadi ndani. Upande wa nje hupapasa ardhi. Mfereji wa seli za Schwann umetandikwa protini iitwayo laminini, ambayo vipokezi hivi huipenda. Kipokezi kikiishika laminini kwa nje, kwa ndani kinafunga kiungo na aktini. Sasa upondo umeshika mchanga. Aktini haiwezi tena kuteleza nyuma, na ile nguvu iliyokuwa ikipotea bure inageuka kuusukuma ukingo mbele.

Halafu kutoka nyuma huja mifupa mingine, mirija migumu iitwayo mikrotubuli, ambayo ndiyo reli za kusafirishia mizigo kutoka kwenye mwili wa seli. Mirija hiyo huingia upande ule ulioshika, na upande huo ndio unaokuwa uzi wa kudumu. Upande ambao haukushika hunywea. Tazama kilichotokea hapo, fundi: kukata kona na kupata umbo ni tendo moja. Hakuna aliyechora mkunjo wa neva yako kwanza kisha neva ikaufuata. Mkunjo ni alama ya mahali ambapo ncha ilipata pa kushika.

Ardhi si kitu pekee kinachosema na ncha. Kuna harufu pia, kwa maana ya protini zinazoelea. Aliyefungua mlango huo ni Rita Levi-Montalcini, Mwitaliano wa Turin. Sheria za ubaguzi za mwaka 1938 zilimfukuza kazini kwa kuwa ni Myahudi, akajenga maabara chumbani kwake na kufanya utafiti kwa mayai ya kuku. Vita vilipowakimbiza kwenda vijijini, alizunguka mashambani kwa baiskeli kutafuta mayai. Baadaye, akiwa Marekani, alishuku kwamba kuna uvimbe wa panya unaotoa kitu cha kuvuta neva. Alisafiri kwa ndege hadi Rio de Janeiro akiwa na panya wawili kwenye mkoba, akaweka vipande vya uvimbe ule kando ya mafundo ya neva, na nyuzi zikachomoza kama miale. Ile miale niliyoiona 1992 ilitokana na kitu hichohicho, kiotesha-neva, kilichokuwa ndani ya yale maji ya kisahani. Yeye na Stanley Cohen walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1986. Na seli zako za Schwann, tangu siku uliyokatwa, zinatengeneza kiotesha-neva hicho kule kwenye mfereji.

Kuna na vitu vya kufukuza. Mchana mmoja mwenyeji wangu alidondoshea kisahani rojo lililotokana na ubongo wa kifaranga. Ndani ya dakika chache vile vidole vilijikunja vyote, kiganja kikasinyaa, uzi ukabaki umesimama kama kamba iliyokatwa. Mwaka uliofuata watafiti wa Philadelphia waliichuja protini inayofanya hivyo, ambayo leo iko kwenye ukoo uitwao semaforini. Nilijifunza hapo kwamba ishara ya nje haiisukumi neva wala haiivuti kama sumaku. Inabonyeza swichi ndani. Swichi iitwayo Rac huhimiza ujenzi wa aktini mbele, na nyingine iitwayo Rho huzidisha mvuto wa miosini mpaka kiganja kikafumba. Ishara ikigusa upande wa kushoto tu, ujenzi hubadilika kushoto tu, na ncha inageuka.

Kwa hiyo mshipa wako haujui kidole kilipo. Unajua milimita iliyo mbele yake, na ikiisha hiyo, inayofuata. Mwendo wake ni kama milimita moja kwa siku. Kutoka kwenye kovu lako hadi ncha ya kidole cha kati ni kama sentimita 20, yaani siku 200, na uongeze wiki tatu au nne za mwanzo za kuvuka mshono. Kwa miezi mitatu, kufika katikati ya kiganja ni mwendo mzuri kabisa. Usitarajie vidole kabla ya mwezi wa saba au wa nane.

Fanya hivi. Kila Jumapili, gonga taratibu kwa ncha ya kidole cha mkono mzima, ukianzia kwenye vidole ukirudi kuelekea kovuni. Pale shoti inapoanza weka alama ya kalamu, pima kwa rula kutoka kovuni, andika na tarehe. Alama ikisimama palepale miezi miwili au mitatu, rudi kwa daktari aliyekushona bila kuchelewa, kwa sababu misuli isiyofikiwa na neva hudhoofika na ikikaa zaidi ya mwaka hivi inakuwa vigumu kuirudisha.

Vidole visivyohisi vilinde kwa macho. Usishike sufuria, pasi wala gundi ya moto kwa mkono huo, na msumeno wa mashine uachie wengine kwa sasa. Kila siku vinyooshe na kuvikunja kwa msaada wa mkono wa pili, visikakamae.

Na ujiandae kwa jambo moja ambalo wagonjwa wangu wengi liliwatisha. Kwenye mshono, baadhi ya nyuzi huingia mfereji usio wao. Hisia zikirudi, unaweza kugusa kidole cha kati ukahisi umegusa gumba. Ubongo unaweza kufundishwa upya. Weka kwenye bakuli maharage, punje za mahindi, sarafu, kipande cha kitambaa na pamba. Shika kimoja macho yakiwa wazi, kisha fumba macho ushike tena, dakika kumi mara mbili tatu kwa siku. Wewe unazijua mbao. Tafuta vipande vya mninga, msonobari na mkangazi vilivyopigwa randa, ujaribu kuvitambua kwa vidole tu.

*Habari za kazi Mwalimu. Binti yangu ana miaka sita. Akiandika kwa mkono wa kulia, vidole vya kushoto navyo vinacheza kana kwamba vinaandika. Bibi yake anasema ni shoto aliyelazimishwa kulia. Mimi naogopa ni kifafa. Nifanye nini?*
*— Mama Binti, Likoni*

Nzuri, mama. Kwa miaka sita, mkono mmoja kumwiga mwenzake kidogo ni jambo la kawaida. Hupungua mtoto anavyokua, na kufikia miaka kumi hivi kwa kawaida huwa limekwisha. Ulivyolieleza halifanani na kifafa, na halihusiani na ushoto. Mpe udongo wa kufinyanga, mkasi wa watoto, shanga za kutunga, mikono izoee kazi tofauti. Kama vidole vya kushoto vinaiga kwa nguvu karibu sawa na vya kulia, au hali haipungui akikua, mpeleke kwa daktari wa watoto amwangalie.

Nimeichagua barua yako kando ya ile ya fundi kwa makusudi. Mkono wa kulia unaendeshwa na nusu ya kushoto ya ubongo, kwa hiyo nyuzi za neva lazima zivuke mstari wa katikati ya mwili zikiwa bado changa. Zinavukaje? Mwaka 1994 maabara ya Marc Tessier-Lavigne kule San Francisco ilichuja kutoka kwenye bongo za viinitete vya kuku, maelfu kwa maelfu, protini inayovuta nyuzi za uti wa mgongo kuelekea mstari wa katikati. Waliiita netrini, kutokana na neno la Kisanskriti *netr*, anayeongoza. Kipokezi chake kwenye ncha ya neva kinatokana na jeni iitwayo DCC. Mwaka 2010 ilionekana kwamba katika baadhi ya familia ambamo watu wazima huiga kwa mkono wa pili kila wanachofanya kwa wa kwanza, jeni hiyo ina hitilafu. Ncha haikuusikia mwito vizuri, na nyuzi zilizotakiwa kuvuka hazikuvuka zote.

Uzi ukishavuka, haurudi tena. Huanza kukihisi kitu kingine, kinachofukuza, ambacho kabla ya kuvuka haukukijali. Watafiti waliona hilo kwa nzi wa matunda: pale kipokezi cha kitu hicho kilipokosekana, nyuzi zilivuka, zikarudi, zikavuka tena, zikizunguka na kuzunguka, nao wakaipa jeni ile jina la Kiingereza la kipilefti.

*Mwalimu, kaka yangu alianguka na bodaboda mwezi wa nne, akaumia uti wa mgongo. Miguu haina hisia. Nimesikia mishipa ya mkono ikikatwa huota tena. Kwa nini ya mgongo isiote? Kuna mtu anatuuzia sindano za kuiotesha, na baba anataka kuuza shamba.*
*— Mdogo mtu, Mwanza*

Poleni sana, mwanangu. Mwambie baba asiuze shamba. Hakuna sindano yoyote leo inayoweza kuotesha uti wa mgongo wa binadamu uliokatika ukarudisha mwendo, na anayewaambia ipo anawaibia.

Swali lako ni la haki, na jibu lake linaumiza. Seli za ndani ya uti wa mgongo zinao uwezo wa kuotesha nyuzi ndefu. Mwaka 1981, kule Montreal, Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya mkubwa wakakitumia kama daraja la kuunganisha sehemu mbili za mfumo wake mkuu wa neva, yaani ubongo na uti wa mgongo. Nyuzi za neva, zilezile zinazokataa kuota nyumbani kwao, ziliingia kwenye daraja lile zikasafiri sentimita kadhaa. Zilipofika mwisho wa daraja na kukutana tena na ardhi ya uti wa mgongo, zilisimama. Tofauti kubwa ni ardhi. Ndani ya uti wa mgongo, ala za mafuta zinazozunguka nyuzi zina protini za kuzuia, na kidonda chake hujaa kovu lenye vizuizi vingine. Martin Schwab wa Zürich ametumia miaka mingi ya kazi yake kwenye protini mojawapo, iitwayo Nogo. Kwenye ncha ya neva, Nogo hubonyeza ile swichi ya Rho niliyomweleza fundi, na kiganja kinafumba. Kazi ya kuwafungulia njia watu kama kaka yako inaendelea maabara na hospitalini, na mimi naifuatilia kila mwezi kwa moyo wote.

Kuna mambo ya leo hii yasiyosubiri utafiti. Mtu asiyehisi miguu hauliwi na uti wa mgongo wenyewe mara nyingi, anauliwa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, hata akisema yuko sawa, na pangeni zamu ili mama asichoke peke yake. Kila asubuhi kagueni ngozi ya visigino, nyonga na juu ya makalio kwa mwanga mzuri. Mkiona wekundu au weusi usiofutika ukibonyezwa, asilalie upande huo mpaka upotee. Ulizeni kliniki wawafundishe kutoa mkojo kwa mpira safi kwa saa maalumu.

Niandikie tena unijulishe mambo matatu: analalia godoro la namna gani, mkojo unatokaje sasa, na kama anapogusishwa pembeni mwa njia ya haja kubwa anahisi chochote, hata kidogo. Hilo la tatu mwombe muuguzi alipime. Kama anahisi, uti wa mgongo haukukatika wote, na mazoezi tutakayompangia yatakuwa tofauti kabisa.